Shaba Iliyopita Jinja

Nyumbani kwetu Uvira, kabla hatujakimbia, ukutani palikuwa na bamba la shaba lililogongwa kwa nyundo upande wa nyuma mpaka mtu akatokea mbele: mama anatwanga. Wakongo wenzangu mnazijua picha hizi. Zinatoka Lubumbashi, na walimu na makarani wengi walikuwa nazo sebuleni. Baba aliinunua kabla sijazaliwa. Siku ya kukimbia, mama aliifunga ndani ya kitenge akaibeba mpaka Uganda, ikakaa na sisi Nakivale chini ya turubai. Halafu mwezi mmoja mgao ukapunguzwa, na mnunuzi wa vyuma chakavu akapita na mzani wake wa kuning'iniza. Hakuiangalia hata sura. Aliikunja mara mbili ili ikae vizuri kwenye mzani, akasema kilo mbili na kitu. Tulikula wiki mbili.

Naanza hapo kwa sababu najua mtacheka mkisikia mfanyakazi wa vijana wa kambini anaandika habari za watu wanaokusanya sanamu za bronzi majumbani. Eti bronzi, na nyumba zenyewe za udongo! Subirini kidogo.

Nilisoma sekondari Mbale kwa msaada wa wafadhili. Mwalimu wetu wa sanaa, mzee Mgisu, alikuwa na sanamu tatu sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo. Mama mwenye mtungi. Mzee aliyekaa. Na kijana wa imbalu, amesimama wima, njuga mapajani, kama wale wanaotahiriwa kule Mutoto kila mwaka usiogawanyika vibaya kwa mbili, yaani 2022, 2024. Alinipa ya mtungi nishike. Karibu iniponyoke. Bronzi ni nzito kuliko macho yanavyokuambia, na asubuhi ni baridi kama jiwe la mtoni.

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, kawaida sehemu tisa za shaba kwa moja ya bati. Bati la kweli, si mabati ya kuezekea, hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Msanii anatengeneza mtu wake kwanza, halafu anapata umbo la nta lililo wazi ndani, unene wake milimita chache tu. Nta inafunikwa kwa udongo maalumu, inachomwa, inayeyuka na kutoka. Pale nta ilipokuwa pamebaki nafasi, na ndani ya nafasi hiyo inamiminwa bronzi ya moto, karibu nyuzi 1,000 na zaidi. Ikipoa unavunja udongo. Bado kuna kazi ya kukata mirija, kupiga msasa na kuipa rangi kwa dawa na moto. Ndiyo maana bei yake inatisha.

Sasa historia. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, umeme ukawa mwingi. Mwaka 1956 reli ikafika Kasese, na shaba ya mgodi wa Kilembe ikaanza kusafiri zaidi ya kilomita 400 kuja kuyeyushwa Jinja, kwa sababu tanuru linakula umeme kama ng'ombe anavyokula majani. Kutoka hapo ilipanda treni tena mpaka Mombasa, ikaingia melini. Na bati je? Lilichimbwa Kikagati, wilaya yetu hii hii ya Isingiro, si mbali na tunapopanga foleni ya mgao. Yaani nchi hii ilikuwa na vyote viwili. Lakini uhuru ulipokuja, 1962, Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesoma na kufundisha Makerere, alitengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala, yule mama anayemfungua mtoto, kwa zege. Silaumu zege, ule mnara ni mzuri kuliko mingi ya bronzi. Ila mimi inaniuma kwamba shaba yote ile ilipita Jinja ikiwa mzigo tu. Mwanzo wa miaka ya 1980 kazi ya Kilembe ilikuwa imesimama.

Mwaka jana nilipelekwa Jinja kwa mafunzo, nikapata mchana mmoja wa bure. Nilitembea mitaa ile ya nyumba za zamani za Wahindi, zenye majina na miaka juu ya milango. Nyumba za Wahindu huwa na pembe ya ibada, na mara nyingi miungu yao pale ni sanamu ndogo za shaba. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke. Nilisimama mbele ya mlango mmoja nikijiuliza walibeba nini. Kitu kizito kama kile, kinachukua nafasi ya nguo za watoto. Sisi hatukupata siku 90, lakini swali mama yangu alilijua.

Baadaye nikapanda bodaboda mpaka chanzo cha Nile. Pale kuna kichwa cha Gandhi cha bronzi. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapo 1948, na sanamu ilizinduliwa 1997 na waziri mkuu wa India, Gujral, wakati Wahindi wengine walikuwa wameshaanza kurudi. Watalii wanapiga picha na kuondoka. Mimi niliigonga kwa kidole, mlinzi akanikemea.

Kugonga nilifundishwa na mwalimu. Sanamu ya plastiki ngumu iliyopakwa rangi ya bronzi inajibu kwa sauti butu, na wauzaji wanaojua kudanganya wapo. Sumaku haishiki bronzi. Ikishika, ndani ni chuma. Tafuta sahihi ya msanii, na namba kama 3/8, maana yake ni ya tatu kati ya nane. Usiisugue kwa ndimu wala majivu mpaka ing'ae kama sufuria ya harusi, umeondoa kazi ya msanii. Kitambaa kikavu na nta kidogo vinatosha. Na si lazima itoke Ulaya: huko huko Kasese, ilikotoka shaba, siku hizi kuna kiwanda cha Rwenzori Founders kinachomimina sanamu kwa njia hii ya nta.

Mwalimu alipostaafu alisema atapunguza vitu. Nikamwomba ya mtungi. Alinitajia bei ambayo najua si ya soko, nikailipa kwa posho yangu ya kazi kwa miezi saba. Nilienda Mbale kuichukua, nikaifunga ndani ya kitenge, nikapanda basi la usiku nimeipakata.

Mama aliifungua mwenyewe. Akaiweka juu ya ndoo ya unga iliyofunikwa, akarudi nyuma, akaiangalia muda mrefu.

"Huyu anachota, hatwangi," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaiinua kwa mikono miwili, akaipima hewani. "Kilo tatu," akasema. Halafu akaihamishia nyuma ya kitanda, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni haioni.