Kizuizi Kati ya Damu na Ubongo

Jamaa wa mgonjwa kutoka Kibera au Kawangware akiambiwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi kwamba kemo, yaani dawa za saratani, haifiki vizuri kichwani kwa sababu ya "kizuizi cha damu ya ubongo", atasikia kwamba damu imeziba, na atawaza kiharusi. Hana kosa, maana ndivyo Kiswahili kinavyosema. Mimi nashikilia tafsiri "kizuizi kati ya damu na ubongo". Damu yenyewe inapita. Vinavyozuiwa ni vitu vilivyomo ndani yake.

Mwaka 1885 mwanasayansi Paul Ehrlich aliingiza rangi katika damu ya wanyama: karibu viungo vyote vikakolea, ubongo ukabaki ulivyokuwa. Mwaka 1913 mtafiti mwingine, Edwin Goldmann, akaipitisha rangi kwenye maji ya uti wa mgongo, na safari hii ubongo ukakolea. Sababu ya tofauti hiyo iko katika kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, ambako seli zimebanana bila mwanya. Vitu vidogo vinavyoyeyuka katika mafuta hupenya. Pombe ya chang'aa hufika upesi. Sukari ina njia yake maalumu. Dawa nyingi za saratani hukwama, na baadhi ya zinazopenya husukumwa na protini maalumu zirudi kwenye damu. Ndiyo maana silikubali neno "chujio": chujio hupima ukubwa tu.

Njia ya Goldmann ilikuja kuokoa watoto hapa Afrika Mashariki. Huko Kampala, daktari John Ziegler na wenzake katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967, waliona limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, ikirudi kwenye mfumo wa neva, wakapitisha dawa ya methotreksati mgongoni. Wazazi wengi huogopa mtoto "kutolewa maji ya mgongo". Waelezwe, tena kwa utulivu, kwamba sindano ile inakizunguka kizuizi.

Uvimbe ulio ndani kabisa ya ubongo ni mgumu zaidi, kwa kuwa dawa ya mgongoni haizami mbali. Katikati ya uvimbe kizuizi huvuja, lakini pembezoni, ambako seli za saratani hujipenyeza, mara nyingi bado ni kizima. Temozolomidi, dawa ya saratani ya vidonge, hupenya kwa kiasi. Manitoli, ikitiwa kwenye damu, hunyonya maji kutoka seli za mishipa hadi mianya ifunguke. Mwaka 2015 madaktari wa Sunnybrook, Toronto, walitumia mawimbi ya sauti na viputo vidogo ndani ya damu kufungua sehemu waliyoilenga tu. Wala neno "ukuta" silikubali: ukuta ungebomolewa; kizuizi hiki hufunguliwa, dawa ikapita, kisha hujifunga chenyewe ndani ya siku moja hivi.