Bibi, Kapteni Kidd na gemu la maharamia

Nimepotea sana humu, najua. Likizo nilikuwa home Chimala, umeme unakuja na kukatika, bando nalo shida tupu. Nimerudi chuo jana usiku, basi limetushusha tumechoka hoi, lakini kabla sijafungua madesa naomba niwape hii stori maana inanisumbua kichwa.

Mshkaji wangu wa rum aliniazima laptop yake ya kizamani, ndani kuna gemu moja linaitwa Sid Meier's Pirates!. La kwanza lilitoka 1987, hili tunalocheza sisi ni la 2004. Jamani, hilo gemu ni ulevi! Wewe ni kijana ambaye familia yake imetekwa na mtu mmoja mbaya anaitwa Montalban. Unapata meli, unazunguka Karibiani ya karne ya 17, unateka merikebu za Wahispania, Waingereza, Wafaransa na Waholanzi. Upepo ukiwa nyuma yako unakimbia, ukiwa mbele umekwisha. Unachagua upige mizinga ya kutoboa meli, au ya minyororo ya kukata matanga, au vile vyuma vidogo vya kupunguza watu. Mkikaribiana mnashikana panga. Halafu ukiingia mjini unacheza dansi na binti wa gavana, hehehe.

Ila kitu kilichonikamata ni mabaharia wako. Wanataka mgao. Ukikaa baharini muda mrefu wananuna, wengine wanakimbia na meli. Ukigawa nyara safari inaisha, miezi inapita, na wewe unazeeka. Ukizeeka upanga unakuwa mzito. Kwa hiyo kila siku unajiuliza: nigawe sasa au nisubiri kidogo?

Sasa sisi watu wa historia tukaanza kuchimba. Kwenye gemu kuna maharamia tisa unaoshindana nao, mmojawapo Kapteni William Kidd. Nikadhani ni mtu wa Karibiani tu. Kumbe wadau, balaa lake kubwa lilimkuta huku kwetu, Bahari ya Hindi! Aliondoka New York mwaka 1696 na meli yake Adventure Galley, 1697 akawa Komoro, Nzwani na Mwali. Kule Mwali walikuwa wanasafisha meli, ugonjwa ukaingia, watu wake wengi wakafa. Na mkataba wao ulikuwa hivi: hakuna mateka, hakuna malipo. Miezi inakatika, hawajapata kitu. Oktoba 1697 akagombana na mpiga mizinga wake, William Moore, akampiga na ndoo kichwani, jamaa akafa. Januari 1698 ndipo akaiteka Quedagh Merchant iliyojaa hariri na vitambaa vingine. Lakini alipofika kisiwa cha Sainte-Marie, Madagaska, wengi wa watu wake wakamhama, wakaenda kwa haramia mwingine, Robert Culliford. 1701 akanyongwa London, kamba ikakatika, wakamnyonga tena. Yaani lile gemu halijatunga, morali ya mabaharia ilikuwa kitu cha kweli kabisa.

Halafu angalia hili. Kidd alikuwa na hati ya mfalme wa Uingereza. Kwenye gemu pia gavana anakupa hati, ukiwa nayo wewe ni shujaa wa taifa lake, kwa taifa lingine ni mwizi. Hapa pwani yetu tunaye Mir Ali Bey, Mturuki. Alikuja miaka ya 1585 na 1586, akarudi 1588. Kwa Wareno alikuwa haramia. Kwa miji mingi ya Waswahili iliyochoka na Wareno alipokelewa vizuri, ukiacha Malindi iliyokuwa rafiki wa Mreno. 1589 Wareno walimfuata Mombasa na meli kutoka Goa, huku bara Wazimba wakiwa wameuzunguka mji. Akakamatwa. 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Je, huyu tumwite haramia au mkombozi? Mimi nilishaandaa jibu la kujidai darasani.

Basi, siku moja Chimala umeme upo, nimekaa sebuleni nateka mji wa Wahispania. Bibi yangu anachambua mchele pembeni, ananiangalia. Akauliza, "Mjukuu wangu, huo mji unaouchoma, wenyewe wamekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Bibi, hawapo, ni gemu tu. Ukishinda unapewa dhahabu."

Akasema, "Haya. Lakini wazee wetu hapa ndio walikuwa wale wanaokimbia."

Nikanyamaza kabisa. Maana ni kweli. Karne ya 19 Wahehe wa Munyigumba, na baadaye Mkwawa, waliwasukuma Wasangu na mtwa wao Merere wakaikimbia Usangu hii ya mpunga mpaka Usafwa. Walirudi baadaye, Merere akiwa upande wa Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Na tusijifanye watakatifu, Wasangu nao kabla ya hapo walikuwa wakivamia majirani na kuchukua ng'ombe.

Nikakumbuka Kua, kisiwani Juani, kule Mafia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska walikuja na mitumbwi yao, wakauvamia mji, wakabeba watu kwenda utumwani. Leo ni magofu. Na hapo ndipo nilipoona tundu la gemu: ndani ya meli unabeba chakula, sukari, viungo, mizinga. Watumwa hawapo! Karibiani ya karne ya 17 bila watumwa, kweli jamani?

Sijaliacha gemu, nisiwadanganye. Jana nimecheza tena. Ila kwenye insha yangu ya muhula huu nimefuta ile sehemu ya Ali Bey shujaa au mwizi, nimeanza upya na swali la bibi. Mwalimu akinipa C nitamwambia bibi ndiye kaandika.

Wadau, kwenu mna stori za waliokimbia? Waulizeni wazee wangali wapo, halafu mniandikie. Ngoja nikatafute msosi, boom halijatoka bado. Tchao!