Unter den Linden: Barabara ya Milinde

Mwaka 1573 Johann Georg, mtawala wa Brandenburg, alitengenezewa njia ya farasi kutoka kasri yake mjini Berlin hadi Tiergarten, msitu wake wa kuwindia. Haikuwa na miti ya kupangwa wala kivuli cha maana. Miti ililetwa na mtawala wa baadaye, Friedrich Wilhelm, mwaka 1647, wakati Vita vya Miaka Thelathini vikielekea ukingoni. Nchi ilikuwa imeteketea, lakini mtawala huyo akaagiza milinde 1,000 na mijozi 1,000 ipandwe kwa safu sita. Mijozi haikudumu. Milinde ikashika, na barabara ikaitwa Unter den Linden, yaani Chini ya Milinde.

Mlinde una jani la umbo la moyo, lenye meno madogo pembeni. Ifikapo Juni unatoa maua ya rangi ya manjano hafifu, nyuki wanavuma juu kutwa, na harufu tamu inasambaa hadi ng'ambo ya barabara. Wajerumani huyakausha maua hayo wakayachemsha kama chai ya mafua. Wadudu wanaofyonza majani nao hudondosha utomvu mtamu, hata gari lililoegeshwa chini likanata mithili ya sahani ya halua.

Wafalme wa Prussia, warithi wa watawala hao wa Brandenburg, waliipamba barabara hiyo kwa majengo. Jumba la opera lilifunguliwa mwaka 1742, Lango la Brandenburg likakamilika mwaka 1791, na mwaka 1810 Chuo Kikuu cha Berlin kikaanza masomo katika jumba lililokuwa la mwana wa mfalme. Napoleon alipita chini ya lango mwaka 1806, akaichukua sanamu ya farasi wanne iliyokuwa juu yake akaipeleka Paris. Ilirudishwa mwaka 1814.

Chuo hicho kinatuhusu sisi wenye Kiswahili. Mwaka 1887 kilianzishiwa Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako maofisa waliokuwa wakiandaliwa kwenda kututawala walifundishwa Kiswahili. Miongoni mwa waliowafundisha alikuwa Amur bin Nasur wa Unguja, aliyeandika habari za Berlin kwa Kiswahili. Baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, Bagamoyo, ambaye kitabu chake Desturi za Wasuaheli kilichapishwa mwaka 1903. Alioa Mjerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi naye nyumbani, serikali ya kikoloni ikamzuia mkewe kushuka Dar es Salaam. Wakageuza safari. Mwalimu huyo alifariki Berlin mwaka 1927, na kila anayeitaja barabara ile kwa fahari inampasa amtaje na yeye.

Tarehe 10 Mei 1933, chini ya utawala wa Wanazi, vitabu vilichomwa moto kwenye uwanja ulio kando ya jumba la opera. Baada ya hapo ikafuata zamu ya miti. Kwa ajili ya njia ya treni chini ya ardhi na maonyesho ya Olimpiki ya 1936, milinde mizee ikang'olewa, ikapandwa michanga iliyokuwa mifupi kuliko nguzo za taa. Wenyeji wakaibatiza barabara yao Chini ya Taa. Katika utawala ule ambao watu walichunga sana midomo yao, utani huo ulibeba machungu mengi.

Hata michanga hiyo haikusalimika: Vita vya Pili vya Dunia vilipofika mjini mwaka 1945 iliunguzwa na kukatwa. Ujerumani Mashariki ikapanda upya katika miaka ya 1950. Kisha Ukuta wa Berlin wa mwaka 1961 ukaifanya barabara ikomee langoni, hadi njia ilipofunguliwa tena mwaka 1989. Hata ujenzi wa reli ya chini ya ardhi ya U5, iliyofunguliwa Desemba 2020, ulikata baadhi ya miti, na mingine ikapandwa. Kwa hiyo barabara ina zaidi ya miaka 400, lakini mgeni asidhani kwamba miti anayoiona ni ile ya Friedrich Wilhelm. Kilichodumu ni desturi ya kupanda tena.

Dar es Salaam nayo Wajerumani waliipa barabara ya mtindo huo, wakaiita Unter den Akazien, Chini ya Migunga. Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, na leo ni Barabara ya Samora, pale penye Sanamu ya Askari. Kubadili majina tumefanya vizuri. Kivuli ndicho tulichokiacha kipotee, na anayetembea Samora saa saba mchana analijua hilo kwa jasho lake. Wakuu wa jiji, mvua za masika zijazo zisipite bure: pandeni miti kuanzia Sanamu ya Askari hadi Mnara wa Saa, na mpangieni kila mti mtu wa kuumwagilia.