Tasnifu ya uzamifu katika sayansi ya afya: Kazi huanzia kwenye maneno ya mhojiwa

TASNIFU ya uzamifu ni andiko refu la kitaaluma ambalo mtahiniwa wa shahada ya juu kabisa chuoni huwasilisha ili kuthibitisha kwamba amegundua jambo ambalo halikuwa likijulikana, na kwamba anaweza kulitetea mbele ya wajuzi wa fani yake. Katika sayansi ya afya andiko hilo hubeba mzigo wa ziada. Anayetafiti ushairi akikosea, hasara ni yake na ya wasomaji wake. Anayetafiti homa ya watoto akikosea, huenda kosa lake likapenya katika mwongozo wa matibabu na kumfikia mgonjwa ambaye hakuwahi hata kulisikia jina lake.

Nchini Kenya, viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka wa 2014 vilidai kwamba masomo ya uzamifu yachukue angalau miaka mitatu, na kwamba mtahiniwa awe amechapisha makala mawili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Wengi huchukua muda mrefu zaidi ya huo, hasa wahadhiri, wauguzi na madaktari wanaosoma huku wakiendelea na zamu zao.

Tasnifu yenyewe huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kitabu kimoja kinachoanza na utangulizi na mapitio ya maandishi, kikapitia mbinu za utafiti na matokeo, kikaishia kwenye mjadala na mapendekezo. Ya pili ni mkusanyiko wa makala yaliyochapishwa, yakiunganishwa na utangulizi na hitimisho. Mtindo huu wa pili umekita mizizi katika nchi za Skandinavia, ikiwemo taasisi ya Karolinska ya Uswidi, ambayo kwa muda mrefu imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kuwafunza watafiti wa uzamifu.

Jambo la kwanza ni swali. Mada kama vile "malaria nchini Kenya" si swali. Hiyo ni maktaba nzima. Swali la uzamifu hutaja kundi la watu, mahali, kipindi na kitu kitakachopimwa. Aidha, ni lazima liwe swali ambalo halijajibiwa, na hilo halijulikani ila kwa kusoma miezi mingi kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja.

Swali likipatikana, huja hesabu ya sampuli, na hapa watahiniwa wengi hujikwaa mapema. Ipo namba moja inayojirudia katika tasnifu zetu mithili ya kibwagizo: 384. Namba hii hupatikana kwa kanuni inayochukulia kwamba nusu ya watu wana hali inayochunguzwa, na kwamba mtafiti anakubali kukosea kwa asilimia 5 upande huu au ule. Si namba mbaya. Tatizo ni kwamba wengi huinakili bila kujiuliza iwapo inawafaa. Ikiwa ugonjwa unawapata watu 5 katika kila 100, kukosea kwa asilimia 5 kuna maana kwamba jibu laweza kuwa popote kati ya sufuri na 10, yaani si jibu. Fauka ya hayo, kanuni hiyo hukadiria kiwango katika kundi moja. Anayelinganisha makundi mawili, kwa mfano wanaotumia dawa mpya na wanaotumia ya zamani, anahitaji hesabu nyingine kabisa, na ni busara amwone mtaalamu wa takwimu kabla ya kukusanya data. Akimwendea baada ya hapo, atakachoambiwa aghalabu ni chanzo cha kufeli kwake.

Vibali hufuata. Pendekezo la utafiti hupelekwa kwa kamati ya maadili, kisha mtafiti huomba leseni kutoka kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Baada ya hapo kuna idara ya afya ya kaunti na usimamizi wa hospitali husika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo huiweka habari ya afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Mlolongo huu huchosha, na si ajabu kumsikia mwanafunzi akiulalamikia. Hata hivyo, kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Aliyekusanya data mapema ameipoteza.

Sababu ya ukali huo imo katika historia. Kati ya mwaka wa 1932 na 1972, huko Tuskegee, Marekani, maafisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 waliokuwa na kaswende bila ya kuwatibu, hata baada ya penisilini kuthibitishwa kuwa dawa yake. Wanaume hao waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Neno hilo moja lilitosha kuuficha ugonjwa na utafiti pia.

Hapo ndipo penye kiini cha tasnifu ya afya katika nchi yetu, ingawa vitabu vingi vya mbinu za utafiti hupapita haraka. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, lakini data yake huzaliwa kwa Kiswahili, Kidholuo, Kikamba au Kigiriama. Fomu ya ridhaa na hojaji hutafsiriwa, kisha mtu mwingine ambaye hajaiona nakala ya kwanza huirudisha tafsiri hiyo katika Kiingereza, na matini mbili hulinganishwa. Watahiniwa wasio makini huichukulia hatua hii kama kazi ya jioni moja, wakamkabidhi binamu anayejua Kiswahili sanifu.

Tazama neno "uchunguzi". Hospitalini neno hili lina maana ya kupimwa ili ugonjwa ujulikane. Chuoni hutumiwa pia kwa maana ya utafiti. Mgonjwa anayeambiwa "tunafanya uchunguzi" ana haki ya kudhani kwamba yeye ndiye anayesaidiwa. Ni heri kusema "utafiti", kisha kueleza waziwazi kwamba majibu huenda yakawafaa wengine baadaye wala si yeye leo.

Au chukua majaribio ya dawa, ambamo wagonjwa hugawanywa bila mtu yeyote kuchagua. Ukiandika "mgawanyo wa kubahatisha", mama aliyempakata mtoto mgonjwa ataelewa kwamba daktari anabahatisha tu. Maelezo marefu yanafaa zaidi: kompyuta ndiyo itakayochagua, kama kurusha sarafu, nani apate dawa mpya na nani apate ya kawaida.

Damu nayo ina historia yake. Pwani, hadithi za mumiani, wanaosemekana kunyonya damu za watu, zilienea tangu enzi za ukoloni na hazijafutika zote. Kuandika "mililita 5" hakumwondolei mtu hofu. Kijiko kimoja cha chai, ambacho ni kipimo kilekile, kinaeleweka mara moja.

Majina ya magonjwa ndiyo mtego mkubwa zaidi. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 walibaini kwamba wazazi wengi waliitenga homa ya malaria na degedege. Homa ilipelekwa zahanati. Degedege, yaani mtoto kukakamaa na kutikisika, ilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine unaohitaji mganga wa kienyeji, ilhali mara nyingi ilikuwa malaria hiyohiyo iliyokwisha kuwa kali. Hojaji inayouliza tu, "Je, mtoto wako aliugua malaria?" ingewaacha nje watoto waliokuwa karibu zaidi na kifo, na hakuna programu ya takwimu, iwe STATA, SPSS au R, inayoweza kulirekebisha kosa la aina hiyo.

Ndiyo maana hojaji hujaribiwa kwanza kwa watu wachache nje ya eneo la utafiti. Mtahiniwa mwenyewe aketi na kuwauliza walivyolielewa kila swali. Muda wa kazi hiyo uingizwe katika ratiba na gharama yake katika bajeti.

Data ikishapatikana, uandishi wenyewe huwa mwepesi kuliko inavyodhaniwa. Sura ya mbinu huandikwa kwanza, kwa wakati uliopita, kwa kuwa sasa yaliyopangwa yamekwisha kutendwa. Matokeo hufuata bila maoni, kisha mjadala. Sehemu inayosomwa kwa jicho kali ni ile ya mipaka ya utafiti, na kuficha udhaifu hapo ni kujichongea, kwa maana mtahini wa nje hulipwa ili auone. Mtahiniwa anayekiri kwamba wahojiwa wengi walikuwa wanawake kwa sababu alizuru nyumba mchana, wanaume wakiwa kazini, huaminiwa hata katika mengine.

Siku ya utetezi mtahiniwa hueleza kazi yake kwa muda mfupi kisha huulizwa maswali. Matokeo ya kawaida ni kufaulu kwa sharti la masahihisho, na aliyepewa orodha ya kurasa za kurekebisha hana sababu ya kuona haya.

Katika viambatisho vya nakala ya mwisho, hojaji na fomu ya ridhaa ziwekwe katika lugha zote zilizotumika, si Kiingereza pekee, pamoja na maelezo ya maneno yaliyokataliwa na sababu zake. Mtahiniwa atakayetafiti homa za watoto Kwale au Lamu mwaka ujao atazipata katika maktaba ya chuo, na hatalazimika kuanza upya kuuliza watu wanaiitaje degedege.