sampuli

Nomino, ngeli ya i-/zi-, wingi: sampuli.

1. Aina, namna: *watu wa sampuli hii*.
2. Kiasi kidogo kinachochukuliwa ili kiwakilishe kitu kizima: *Sampuli za maji ya Kahama zimefika maabara.*

Matumizi. Katika maana ya pili, maji *hutekwa*, bali sampuli *huchukuliwa*. Tuseme dizeli na petroli zimevuja penye karasha la kusagia mawe ya dhahabu mkoani Geita, karibu na kisima. Anayeteka hujaza ndoo, akaenda zake. Anayechukua sampuli hutoa kwanza maji yaliyotuama, hadi vipimo vya joto na asidi vitulie; kisha hujaza chupa *pomoni*, pasibaki kiputo cha hewa, kwa kuwa benzini huyeyukia hewani upesi. Udongo nao hufunikwa papo hapo, wala hauchanganywi ndooni.

Mfasiri akiandika «jaza chupa» tu, maabara itapima kiwango kidogo kuliko kilichomo kisimani, na watu wataendelea kunywa. Afadhali: «jaza chupa pomoni, pasibaki hewa».

Linganisha: *kielelezo*, *mfano*.