Rangi ya Ziwa la Lac Vert

Mtu akitoka Goma kwenda Sake, karibu na Mugunga atakuta ziwa dogo lililotulia katika kinywa cha volkano ya kale. Jina lake, Lac Vert, maana yake ni Ziwa la Kijani, na kweli maji yake ni ya kijani. Wengi husema: "Ni uchafu tu." Sivyo, wasomaji wapenzi. Ile ni mimea. Ni mwani mdogo mno, usioonekana mmoja mmoja kwa macho.

Mwani, kama mahindi yetu, huishi kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo huota juu juu tu, au kando, mahali ambapo mwanga wafika chini. Wenzetu wa Pwani walijua hayo zamani. Bahari ikipwa, huona nyasi bahari zilizo malisho ya tasi na kasa. Mwaka 1989 watu wa Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, walianza kulima mwani kwa ajili ya biashara, wakiufunga kwenye kamba zilizoshikwa na vijiti. Wengi wao ni wanawake, nao wakapata fedha yao wenyewe. Lakini maji ya kando yalipozidi joto, aina yenye bei nzuri ikaanza kufa, wakulima wakapata hasara.

Sisi wa Kivu hatulimi mwani, ila twaula kwa njia ya samaki. Kina cha Ziwa Kivu chafika mita 485, lakini samaki wote huishi sehemu ya juu, maana chini hakuna hewa ya kuwatosha. Zamani vijidudu vinavyokula mwani vilielea katikati ya ziwa, wala hapakuwa na samaki wa kuvila huko. Kati ya mwaka 1958 na 1960 sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika. Wakazaana ajabu! Tangu hapo wavuvi huenda usiku na taa zao, na mama mwenye fedha kidogo hupata kitoweo.

Basi mwani ukiharibika, chungu cha nyumbani nacho chakosa kitu. Na kando ya maji ndipo watu hukimbilia. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Mugunga na Lac Vert, hata mwezi wa kumi na moja 1996. Tena tangu mwaka 2022 vita vilileta hapo hapo watu wa Rutshuru na Masisi, mpaka kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025. Hatuwalaumu, mtoto mwenye njaa hangoji, na chungu hakichemki bila kuni. Lakini miti ya mtelemko ikiisha, mvua huteremsha udongo na taka. Udongo huziba mwanga. Taka nazo huustawisha mwani kupita kiasi. Halafu mwani hufa, huoza, na kumaliza hewa ya samaki.

Lac Vert ni ziwa dogo, lakini wahenga walisema: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tupande miti ukingoni, tuchimbe vyoo mbali na maji, tena tuwafundishe watoto kwamba ile rangi ya kijani ni shamba.