Jiko la Kauri la Kenya

Jiko la kauri la Kenya, ambalo Tanzania hujulikana zaidi kama jiko bora, ni jiko la mkaa la kubebeka lenye ganda la bati na kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupunguza mkaa unaoteketea jikoni. Ni miongoni mwa bidhaa chache za nyumbani zilizosanifiwa kwa ajili ya misitu na zikapata wanunuzi bila mtu kulazimishwa.

Asili

Kabla yake, mijini lilitawala jiko la bati tupu, ambalo inasemekana lililetwa na vibarua wa Kihindi waliokuja kujenga reli. Jiko hilo hufuliwa kwa mapipa na bati chakavu. Ni jepesi na bei yake ni nafuu, lakini ni fujaji kupindukia: asilimia 10 hadi 20 tu ya joto hufika kwenye sufuria, na sehemu kubwa ya iliyobaki hupotelea ubavuni, ikimpasha mpishi miguu.

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati mpya na jadidifu jijini Nairobi, wakati hofu ya kuisha kwa kuni ilikuwa imepamba moto. Katika miaka hiyo mradi wa nishati jadidifu wa Kenya, uliofadhiliwa na Marekani, ulianza kuiga jiko la ndoo la Thailand, ambalo tayari lilikuwa na kauri ndani. Mbunifu anayetajwa sana ni Maxwell Kinyanjui. Shirika la KENGO lilisaidia kutoa mafunzo.

Umbo na utendaji

Jiko la mwanzo halikufaa. Kauri ilishuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, likawa zito, na udongo ukawa unapasuka. Sifa ya kulinyoosha inawastahili mafundi wa jua kali na akina mama waliolipikia majumbani kuliko wataalamu wa ofisini. Ganda lilibanwa kiunoni, likawa pana juu na chini. Kauri ikabaki nusu ya juu tu, ambako ndiko moto uliko. Kitako kipana hulifanya jiko lisipinduke wakati wa kusonga ugali, jambo ambalo mchoro wa kigeni haukulifikiria.

Kauri hushikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kupenya. Kitako cha kauri kina matundu ya kupitisha hewa na kudondosha majivu. Mlango mdogo wa chini ukifungwa, moto hupoa na mkaa hudumu. Joto linalofika kwenye sufuria hupanda hadi asilimia 25 na hata 40, na akiba ya mkaa hutajwa kuwa kati ya theluthi na nusu.

Uenezaji

Jiko hili halina hataza. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, waliigana bila woga na kazi ikagawanyika: wafinyanzi wakachoma kauri, wafua bati wakatengeneza maganda, wachuuzi wakauza. Ushindani ulishusha bei, na pia ubora, kwa kuwa kauri isiyoiva vizuri hupasuka mapema. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikadiriwa kutumiwa na kaya 700,000 nchini Kenya.

Limeenea Tanzania, Uganda, Rwanda na Sudan. Ethiopia lina ndugu yake aitwaye Lakech, na Ghana yupo Gyapa.

Jiko la kuni

Kwa wapishi wa kuni vijijini kulitengenezwa kauri iitwayo Upesi.

Mazingira na afya

Jiko hupunguza mkaa, haliuondoi. Hewa ya sumu, kaboni monoksidi, bado hutoka, hivyo halifai kuachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa. Aidha, tanuri la udongo la porini hupoteza sehemu kubwa ya mti kabla gunia halijafika mjini, na hasara hiyo hakuna jiko linaloweza kuirudisha.

Hali ya sasa

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, hasa kwa gesi na umeme. Kwa wanaoendelea kutumia jiko la kauri, kauri za akiba huuzwa peke yake. Mwenye ganda zima hubadilisha kauri tu.